Alama za Mnyororo kwenye Shafti

Mafuta yalimdondokea Gaudensi kwenye nyusi kabla hata hajashika spana. Aliyafuta kwa mkono wa shati, akayanusa kwa mazoea, kisha akabaki amelala chali chini ya kijiko cha kamati ya maji ya Itobela, hasira zimemjaa. Hasira zenyewe hazikuwa za mafuta. Sili za jeki la kijiko hicho, ile mipira inayozuia mafuta yasitoke, alizibadilisha yeye mwezi uliopita, kwa mikono yake hii hii, akawatangazia watu kwamba mashine imepona. Leo wamemwita tena kutoka Mpanda mjini, na shingo ya jeki inavuja kama haijawahi kuguswa na fundi.

Kijiko chenyewe ni kidogo. Ni trekta fupi lenye mkono wa kuchimbia nyuma, na mkono huo unanyanyuliwa na jeki moja nene: mafuta yakisukumwa ndani, shafti, kile chuma kirefu cha ndani, inatoka na mkono unapanda. Kitongoji kizima cha Itobela, huko kata ya Kasekese, kilichangia kukinunua. Wengine walitoa mahindi, wengine mbuzi, ili mtaro wa bomba utoke kwenye chemchemi ufike kwa watu kabla mvua hazijaanza. Mvua zikishaanza udongo wa kule unakuwa kama ugali mbichi, hachimbi mtu wala mashine. Na sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwani, mtaro umeishia nusu ya njia, na wanawake bado wanachota kwenye mashimo ya mto uliokauka wakipokezana zamu na ng'ombe.

"Fundi, si nilikwambia hizo sili za siku hizi magumashi?" alisema Yotham, dereva wa kijiko, akiwa amekaa juu ya tairi na simu mkononi. "Asubuhi najaza tenki la mafuta, mchana tupu. Mafuta yote yanamwagika hapo shingoni."

Yotham ni mpwa wa mwenyekiti wa kamati, Mzee Malale. Udereva aliupata mwezi huo huo uliopita, na aliupata kwa sababu ya maneno ya Gaudensi. Hilo Gaudensi alilijua, na tangu alipoteremka kwenye pikipiki asubuhi alikuwa anajitahidi asilifikirie.

Mafundi wana tabia moja ambayo hawafundishwi na mtu. Ukiwapelekea mashine mbovu, swali la kwanza ni nani anaendesha. Likishajibiwa, kazi ya kutafuta ugonjwa inakuwa imepungua nusu, maana mgonjwa keshapata mchawi. Gaudensi naye aliuliza hivyo mara ya kwanza alipofika Itobela, watu wakamwonyesha Nyamizi, mwanamke mrefu mwenye ovaroli iliyoshonwa magotini. Akacheka kidogo. "Aa, ndiyo maana," alisema. Kisha akapaza sauti ili wote wasikie: "Huyu anabamiza. Anafikisha mkono mwisho, halafu anaendelea kukandamiza. Sili gani itavumilia?"

Hakuwahi kumwona Nyamizi akiendesha hata hatua moja.

Nyamizi alimwambia siku ile, bila kelele, "Fundi, kwanza pitisha kiganja kwenye hiyo shafti." Naye akamjibu, "Dada, wewe endesha, ufundi niachie mimi." Watu wakacheka. Chakula kilikuwa tayari, kwa sababu Itobela fundi hafanyi kazi bila kulishwa, tena analishwa wa kwanza. Siku ile ilikuwa nyama ya kukaanga, nyingi, iliyobaki kwenye sherehe ya Malale kuchaguliwa mwenyekiti. Gaudensi alifunga sili mpya haraka haraka, akanawa, akala mpaka akalegeza mkanda. Jioni hiyo Nyamizi alinyang'anywa ufunguo.

Sasa Gaudensi alitoka chini ya mashine, akajikung'uta vumbi. Leo aliamua kuanza mwanzo, kama alivyotakiwa kuanza siku ile.

"Washa," alimwambia Yotham. "Nyanyua mkono mpaka juu, halafu zima."

Mkono ulipanda ukitetemeka. Injini ilipozimwa Gaudensi alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari kwenye shafti palepale inapoingia shingoni, akasogea pembeni kusubiri. Alisubiri kiasi cha mtu kuvuta sigara akaimaliza. Mkono haukushuka, ila labda unene wa ukucha. Maana yake pistoni ya ndani ilikuwa nzima. Jeki linalobamizwa huumia ndani kwanza. Hili halikuumia ndani. Ugonjwa ulikuwa nje, shingoni, pale shafti inapopita ikiingia na kutoka.

Angeweza kufunga sili nyingine akaondoka. Alikuwa nazo mfukoni. Badala yake waliuteremsha mkono ukalala chini, akafungua shingo, akaitoa ile sili ya mwezi uliopita na kuigeuza kwenye mwanga. Mdomo wake ulikuwa umechanwa, haukuchakaa. Ulichanwa sehemu kadhaa, kwa mikato mifupi. Gaudensi akamgeukia Yotham.

"Nisaidie tuivute yote," alisema.

Waliichomoa shafti, wakailaza juu ya gunia. Aliisafisha kwa petroli ikang'aa. Kwa macho ilionekana safi, na macho ndiyo aliyoyatumia mara ya kwanza. Alikwenda kwenye shamba la jirani ambako pamba ilishavunwa, akachuma masalia yaliyobaki kwenye mti mmoja mkavu, akarudi na ule mpira mweupe wa pamba na kuupitisha juu ya chuma polepole. Ukapita vizuri, ukapita vizuri, kisha ukanasa. Nyuzi zikabaki pale kama mvi kwenye kidevu. Akaupitisha tena upande wa pili, ukanasa tena. Alipoinamisha uso karibu aliona: mikwaruzo ya mviringo, miwili miwili, imeizunguka shafti, na katikati yake vidoa vya kutu vilivyoila ile ngozi inayong'aa ya chuma.

Alichokonoa uchafu uliokuwa umekwama kwenye mfereji wa shingo, akausugua kwa vidole. Ulikuwa na vinyweleo vifupi vyekundu na ulinuka mafuta ya mnyama. Uchafu kama huo aliukuta na mwezi uliopita. Aliufuta kwa kitambaa akautupa, kisha akaenda kula.

"Yotham, hapa palifungwa mnyororo?"

Yotham alitazama simu yake. "Mimi sijui, fundi. Labda ile siku ya fahali."

"Fahali gani?"

"Si yule wa sherehe ya mjomba. Waliona kumchunia chini ni shida, wakamning'iniza kwenye kijiko. Sasa mkono ukawa unashuka shuka na uzito, na injini ikiwaka moshi unaingia kwenye nyama. Wakazima. Wakazungushia mnyororo hapo kwenye chuma, eti uwe kabari usishuke." Alirudisha macho kwenye simu. "Na ulikaa kweli. Wajanja wale."

Gaudensi aliinamia tena zile alama. Uzito wote wa fahali ulikuwa umelala juu ya pingili za mnyororo, pingili zimelala juu ya shafti. Kisha damu na maji ya chumvi ya kuoshea nyama vikachuruzika hapo hapo. Baadaye wakautoa mnyororo, wakaosha mashine kwa sabuni, na ilipoanza kuvuja wakamwita fundi. Na fundi akaja, akauliza nani anaendesha, akala fahali yule yule.

Aibu ilimshika shingoni ikapanda mpaka masikioni. Umri wake ni wa mtu mzima, ana wanafunzi mjini wanaomwita mwalimu, na amemwondoa mtu kazini mdomo wake ukinuka ushahidi.

Mita chache mbele yake, mahali mtaro wa mashine ulipokoma, watu walikuwa wanauendeleza kwa majembe. Nyamizi alikuwa mmoja wao. Ovaroli yake aliivaa bado, lakini alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, anachimba kwa kibarua cha siku mtaro ambao mwezi uliopita alikuwa anauchimba akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Watoto waliopita na ndoo walimwita Mvunja Mashine, siyo kwa ubaya, ni jina tu lilishamkaa.

Gaudensi alichuchumaa ukingoni.

"Dada Nyamizi. Nimeona."

"Umeona nini?"

"Mnyororo."

Jembe liliendelea kupanda na kushuka. "Nilikwambia upitishe kiganja."

"Uliniambia. Nilikosea sana. Naomba unisamehe."

Hapo alisimamisha jembe, akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Fundi, mwezi ule hukunisemea hapa pembeni. Ulinisemea pale kwenye mashine, watu wote wapo, na mwanangu amesimama anasikiliza. Mpaka leo ananiuliza mama kwani uliibamizaje." Alitema mate ya vumbi pembeni. "Msamaha wa shimoni sina pa kuupeleka. Nenda kaseme pale pale."

Gaudensi aliondoka bila kuahidi. Tuseme ukweli, alikuwa anaogopa. Malale alishamwambia kwamba akiitengeneza mashine hii vizuri, atampa na kazi ya kutunza mashine zake za kukoboa mpunga, kule Usevya na kwingine. Bei ya kila kitu mjini ilikuwa imepanda, karakana ilikuwa na siku za kukaa bila mteja, na mtu kama Malale hapatikani kila kona.

Malale mwenyewe alifika jua likiwa limepinda kidogo, wakati ambao vibarua wanatoka mtaroni kula. Ni mzee mpole, hapandishi sauti. Alisalimia kila mtu, akauliza habari za watoto, akafika kwenye gunia akaiona shafti imelala na nyuzi za pamba juu yake. Aliitazama kwa muda. Kisha akamshika Gaudensi kiwiko kama ndugu, wakasogea.

"Baba, mashine nayo inachoka, si ndiyo?"

"Mwenyekiti, hii ni mnyororo. Siku ile ya..."

"Nakuuliza inachoka au haichoki?"

"Inachoka."

"Basi waambie hivyo. Watu wamechanga, wana uchungu. Ukianza kuwaambia mambo ya minyororo utawagombanisha bure, na mtaro wenyewe haujaisha."

Wakarudi. Vibarua walikuwa wamekaa chini kuzunguka mashine, na Esteria, mama anayewapikia, alikuwa anachochea sufuria ya maharage huku masikio yapo kwa fundi. Malale akasema fundi ameshaona tatizo, asikilizwe.

Gaudensi alisimama karibu na gunia. Alikohoa. "Tatizo," alisema, "ni uchakavu. Chuma kimechoka. Nitakwenda nacho mjini kikachongwe upya."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema afadhali. Nyamizi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alichukua jembe lake akaanza kurudi mtaroni. Hakustuka wala hakutikisa kichwa. Aligeuka tu kama mtu aliyeuliza bei, akatajiwa ile ile aliyoitegemea. Ni huo mgongo wake uliomtoa Gaudensi sauti ambayo hakuwa ameipanga.

"Hapana," alisema. "Subirini. Nimedanganya."

Malale alimtazama bila kukunja uso.

"Chuma hakijachoka. Kimekatwa na mnyororo, ile siku mlipomning'iniza fahali. Alama hizi hapa, anayetaka aje apitishe mkono. Hizi ndizo zinachana sili. Zilikuwepo siku niliyokuja mara ya kwanza, na Nyamizi aliniambia niangalie. Sikuangalia. Nilisema anabamiza, na nilikuwa sijamwona akiendesha. Nilimsingizia." Alitaka kuongeza kitu, akakosa. "Ndiyo hivyo," alisema.

Vichwa vikamgeukia Malale. Nyamizi alikuwa amesimama, jembe begani, bado amewapa mgongo.

"Sawa," alisema Malale taratibu. "Fundi kasema, tumemsikia. Na mimi niseme. Fahali alikuwa wangu, nilimtoa zizini kwangu kwa ajili ya watu wa Itobela. Nyama sikula peke yangu. Sasa anayetaka kusema mwenyekiti kaharibu mashine, asimame, lakini kwanza aniambie kama yeye hakula." Alizungusha macho. "Nani hapa hakula?"

Hakuna aliyesimama. Wanaume wakatazama viganja vyao, kina mama wakatafuta cha kufanya na kanga zao. Gaudensi naye alikuwa miongoni mwa waliokula, kwa hiyo akatazama viatu vyake. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na lingemaliza mambo.

"Mimi sikula," alisema Nyamizi.

Aligeuka. Alisema bila kusogea, wakalazimika kujipinda kumtazama.

"Nani alikukataza?" aliuliza Malale.

"Hakuna. Mlipozima injini na kuweka mnyororo, watoto wakapanda kwenye mashine kuchezea leva za kuongozea mkono. Niliwaambia nyie wakubwa muwashushe, mkawa mko kwenye nyama. Leva moja tu ingesukumwa, mnyororo ungeteleza, na mkono na fahali vyote vingewaangukia waliokuwa wanachuna chini. Basi nikakaa kwenye kiti. Nilizishika leva tangu anachunwa mpaka anashushwa. Nilipoteremka sufuria zimeshaoshwa."

"Ungesema tukuletee."

"Nilisema."

Malale alifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Esteria. "Alisema," alisema Esteria akiwa ameinamia mwiko. "Aliniita mimi. Nikamjibu ngoja nimalize wageni. Halafu nikasahau." Akaendelea kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Kibarua mmoja mzee, ambaye siku ile alikuwa chini ya fahali na kisu, alivua kofia akaishika magotini.

Kwa muda mfupi Gaudensi alidhani kuna kitu kitatokea. Alijitia moyo. "Mwenyekiti, shafti nitaichonga vizuri," alisema. "Nikiirudisha, naomba aijaribu Nyamizi. Anaijua hii mashine kuliko sisi wote."

"Fundi, kamati haipangiwi dereva na fundi."

"Mwezi uliopita ilipangiwa," alisema Gaudensi.

Malale alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la upole kabisa. Alisema mambo ya sahani siyo mambo ya kamati. Alisema Yotham ni kijana, anajifunza, ataendelea. Suala la dada Nyamizi litaangaliwa kikao kitakapokaa, mtaro ukishaisha. Shafti itakwenda mjini, lakini kwa fundi mwingine asiyekuwa na maneno, mafundi mjini wapo. Akawatakia watu chakula chema, akapanda pikipiki yake, akaondoka na vumbi lake.

Gaudensi alikuwa ameshaanza kuifunga shafti kwa mpira nyuma ya tandiko la pikipiki yake. Yotham alikuja akaifungua, hakumwangalia machoni. "Unisamehe, fundi. Si unajua tena mjomba," alisema, akairudisha kwenye gunia. Ilibaki pale juani na pamba yake. Watu walipokwenda kuchukua sahani walilazimika kupita karibu nayo. Mama mmoja aliinama akapitisha kidole, akakiondoa haraka kama aliyegusa chungu jikoni, na aliyemfuata naye akafanya hivyo hivyo.

Esteria alipakua sahani ya kwanza. Wali, maharage, na juu yake akaweka kipande cha samaki wa Karema ambacho bila shaka alikuwa amekiweka kwa ajili ya fundi, maana kilikuwa kimoja. Gaudensi alikuwa anakusanya spana zake, akamwona anakuja na sahani na birika la kunawia, akanyooka kwa mazoea. Esteria alimpita. Alikwenda mpaka ukingoni mwa mtaro, akasimama mbele ya Nyamizi.

"Siku ile sikukuletea," alisema.

"Hukuniletea," alisema Nyamizi.

Esteria alimimina maji, Nyamizi akanawa matope mpaka kwenye viwiko, bila haraka. Kisha hakukaa chini na wenzake. Alichukua sahani akaenda nayo kwenye mashine, akapanda ile ngazi yake ndogo, akakaa kwenye kiti cha dereva, nyuma ya leva ambazo sasa hazinyanyui kitu, akaanza kula. Yotham alisimama chini na ufunguo kidoleni. Alimtazama, akawatazama watu, akaona hakuna anayemwambia Nyamizi ashuke. Akautia ufunguo mfukoni.

Gaudensi alifunga sanduku lake la spana, akapiga teke pikipiki ikawaka. Njaa ilikuwa inamuuma na Mpanda ilikuwa mbali. Alipita katikati ya watu waliokuwa wanakula, na huko Itobela, ambako fundi hulishwa wa kwanza, hakuna aliyemwambia karibu.